Uzi Mdomoni mwa Korongo

Kaeni, wapendwa, kaeni. Mmependeza. Kina mama vitenge vimewakaa, kina baba mmechomekea mashati, hata kwaya ya vijana leo wamechana nywele, jina la Bwana lisifiwe. Najua sababu. Mpiga picha wa jubilii yuko nje tayari, na kamati imeninong'oneza nifupishe mahubiri kabla jua halijawa kali. Sawa, nitajitahidi. Lakini kwa kuwa kila mtu humu ndani anawaza picha, niruhusuni na mimi niwape ya kwangu.

Kulikuwa na mwanamke mmoja mpiga picha. Aliishi katika mji mdogo kando ya ziwa, mbali kidogo na huku kwetu, na alikuwa na studio ya chumba kimoja karibu na stendi. Mji mzima walimwita Mama Pasipoti. Studio yake mnaijua hata kama hamjafika huko. Kiti cha kuzunguka, pazia la bluu, kioo chenye ufa, na kwenye msumari linaning'inia koti moja jeusi pamoja na tai ambayo fundo lake halijafunguliwa tangu lilipofungwa mara ya kwanza. Mtu anaingia na fulana yake, anavaa lile koti, anapigwa, analivua, anampa anayefuata. Nusu ya watu wazima wa mji ule wametokea kwenye vitambulisho wakiwa na koti lile lile. Mnacheka? Haya, wewe hilo la kwenye kitambulisho chako ni la nani?

Na huyu mama alikuwa fundi wa kitu walichokiita kusafisha picha. Una chunusi, anaitoa. Una jicho jekundu, analiponya. Marehemu alipigwa picha ya mwisho akiwa na shati la shambani, familia inakuja inalia, yeye anakaa kwenye kompyuta anamvalisha suti, na msibani kila mtu anasema baba alikuwa mtanashati. Hakuona ubaya wowote, na mimi simhukumu. Ni huruma pia, hiyo.

Lakini moyo wake haukuwa pale studio. Moyo wake ulikuwa ziwani, kwa ndege.

Kila alfajiri, kabla hajafungua mlango wa studio, alikwenda kwenye matete upande wa magharibi wa ziwa, ili jua likichomoza limkute ametazamana nalo. Kule waliamkia yangeyange weupe, bata maji, na korongo wale warefu wenye mdomo wa njano. Ndege wa majini hawana masihara na binadamu. Wanatujua. Ukikanyaga kijiti tu, ziwa lote linaruka. Siku za mwanzo alirudi na picha za matako ya ndege yakipotelea mbinguni, basi. Akajifunza. Akawa anavaa nguo moja tu, koti la mvua la kijani lililopauka, siku zote hilo hilo. Hajipaki mafuta ya kunukia. Simu anaiacha nyumbani. Anaingia kwenye matete kwa magoti, anakaa kwenye tope mahali pale pale, anatulia. Na akajiwekea sheria moja ambayo hakuivunja hata alipong'atwa na siafu: hasimami. Kwa ndege, mtu aliyekaa kimya ni kama gogo, anaweza kuzoeleka. Akisimama ni mtu.

Lishikeni hilo, tutalirudia.

Msimu mzima alikwenda hivyo, na polepole wakamzoea. Bata wakawa wanapita karibu na viatu vyake. Mumewe alimwambia, "Mke wangu, unawapenda hao kuliko mimi," naye akamjibu, "Wao hawakoromi." Mnawajua wanawake wa hivyo. Wengine wamekaa hapa mbele.

Mwaka huo mji ule ulikuwa unaandaa sherehe kubwa, na kamati ya sherehe ikatangaza kwamba inatafuta picha moja ya kuweka kwenye bango kubwa pale barabara inapoingilia mjini, wageni wakifika waione kwanza. Chini ya picha litaandikwa jina la aliyeipiga. Mama Pasipoti aliposikia hivyo hakulala vizuri. Fikirini, amepiga sura za watu miaka yote hiyo, na hakuna kitambulisho hata kimoja kinachoandikwa jina la mpiga picha. Alilitaka lile bango. Nasema wazi, alilitaka sana, na hakuna ubaya mtu kutaka jina lake lisomwe.

Basi asubuhi moja akaipata. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, jua likatokeza, na wale wanaopenda picha watawaambia kwamba mwanga ule haukai. Ukipiga chafya umeukosa. Pale katikati ya mwanga alisimama korongo mmoja, karibu kuliko ndege yeyote aliyewahi kumkaribia. Alitulia tuli. Hakugeuza shingo, hakutikisa bawa, kana kwamba ameambiwa, "Mama Pasipoti yuko hapa, kaa vizuri." Na kando ya mdomo wake ulikuwa unang'aa mstari mwembamba wa dhahabu, jua limeushika, unametameta. Mwanamke alibonyeza, akabonyeza tena, machozi yakimtoka kwa furaha. Alisema moyoni, sasa wamenizoea kabisa. Sasa ni wangu.

Akarudi studio anakimbia, koti la mvua mwilini bado. Akaiweka picha kwenye kompyuta, akaikuza ili aone ile dhahabu ni nini.

Ilikuwa uzi. Uzi wa nailoni wa nyavu, hizi nyavu zinazotupwa ufukweni zikichanika. Ulikuwa umezunguka mdomo wa korongo tena na tena, umeubana kabisa, na ncha yake imeshuka hadi mguuni. Yule ndege hakuweza kufumbua mdomo. Hakuwa ametulia kwa sababu amemzoea mtu. Alikuwa anakufa njaa, hana nguvu za kuruka.

Wapendwa, yule mama alijitupa kwenye kile kiti cha kuzunguka. Alikuwa amelia kwa furaha mbele ya kiumbe kinachokufa.

Akainuka, akachukua flashi yenye picha, akaenda moja kwa moja ofisini kwa mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti alikuwa mtu mkubwa pale mjini, mchangamfu, mwenye sauti. Akaiweka flashi kwenye kompyuta, picha ikafunguka, akapiga meza.

"Mama Pasipoti! Hii ndiyo! Umetuua! Hiyo dhahabu umeipata wapi?"

"Siyo dhahabu, mwenyekiti. Ni uzi wa nyavu. Umemfunga mdomo, hali chakula. Nimekuja kuomba mtumbwi na watu wawili tukamshike, bado yuko hai."

Mwenyekiti akasogeza miwani. Akaangalia. Akasema, "Ah. Kweli bwana, uzi." Akafikiri kidogo. "Sasa si unautoa tu? Hiyo kwako ni kazi ya kunywa chai."

"Kuutoa wapi?"

"Kwenye picha, mama! Wapi tena? Wageni wanakuja kuuona mji wetu, hawaji kuona takataka zetu. Safisha, niletee jioni, jina lako tunaliandika kwa herufi kubwa. Hayo ya mitumbwi tutayaongea baada ya sherehe."

"Baada ya sherehe atakuwa amekufa."

"Ni ndege, Mama Pasipoti."

"Basi sisafishi."

Mwenyekiti akacheka, lakini cheko la mtu aliyekwazika. "Wewe? Wewe husafishi? Mimi mwenyewe wakati wa uchaguzi uliniondolea kovu hili la shavuni, mabango mji mzima, na hukusema neno. Leo imekuwaje?"

Sikilizeni alivyojibu. Alimjibu kwa heshima, lakini hakushusha macho. Alisema, "Kovu lako lilikuwa limeshapona, mwenyekiti. Huu uzi bado unaua."

Mwenyekiti akavua miwani. Halafu akasema taratibu, kama wanavyosema wakubwa wakitaka uogope, "Basi iache hiyo flashi hapa. Kuna jamaa wa studio mpya atausafisha kwa dakika moja. Na kazi za sherehe zote nitampa yeye."

Yule mama akanyoosha mkono, akaichomoa flashi kwenye kompyuta ya mwenyekiti, akaitia kifuani, akatoka.

Mnampigia makofi? Ngojeni kwanza. Msimpigie makofi bado, maana hamjui alipofika studio alifanya nini.

Alifika studio, akakaa, akaifungua picha. Akaliwaza lile bango. Akaliwaza jina lake. Kazi za sherehe zimekwenda, harusi za wakubwa zitafuata njia hiyo hiyo. Na mkono wake, ule mkono uliozoea, ukaanza wenyewe. Akaufuta uzi kidogo. Akaufuta zaidi. Haikuchukua muda. Mara korongo akawa mzima! Mdomo safi, mwanga mzuri, ametulia kama mfalme. Hakuna mtu duniani ambaye angejua.

Akaitazama ile picha, na hofu ikamshika. Kwenye kompyuta ndege amepona. Kwenye matete ndege yule yule anakufa. Na yeye hapo alipokaa alikuwa ameanza kujisikia nafuu! Hilo ndilo lililomtisha, kwamba amejisikia nafuu, kama mtu aliyetenda jema. Akaizima kompyuta bila kuhifadhi kitu.

Kesho yake alfajiri akaenda ziwani. Hakuna mtumbwi, hakuna watu wawili. Alikuwa na kamera shingoni, kwa mazoea tu, na mfukoni alikuwa na mkasi wa kukatia picha za pasipoti. Akaingia kwa magoti, akakaa mahali pake. Na wapendwa, shetani ana akili. Asubuhi ile mwanga ulikuja mzuri kuliko wa jana. Ndege walikuwa wengi kuliko siku zote, yangeyange wamejaa, bata wanaogelea mbele ya magoti yake. Korongo alikuwepo, kichwa kimeinama, mdomo karibu uguse maji. Angebonyeza tu angepata picha nyingine mia, na wala si lazima zingekuwa na korongo ndani. Angeweza kugeuza kamera kidogo, upande usio na uzi, akapata bango lake bila kusema uongo. Mnaona? Si kusafisha, ni kugeuza kamera tu.

Na alijua akisimama nini kitatokea. Msimu mzima wa kukaa kwenye tope utakwisha pale pale. Hawatamwona tena kama gogo. Watamjua kuwa ni mtu, na lile koti watalikimbia.

Akasimama.

Ziwa zima liliruka. Mabawa, makelele, anga likajaa. Akajitosa kwenye maji, tope likamshika mapajani, korongo akajaribu kukimbia akashindwa, akampiga mama wa watu kwa bawa usoni. Ukanda wa kamera ukakatika, kamera ikazama. Hakuangalia hata ilikozamia. Akavua lile koti la kijani akamtupia ndege kichwani, akambana kwapani, akatoa mkasi. Uzi ulikuwa umeingia kwenye nyama. Akakata, akavuta, ukamchana vidole, akakata tena, anamsema kwa sauti kama anavyosemwa mtoto anayetolewa mwiba, "Tulia, mkaidi wewe, tulia, naumia na mimi." Mpaka ukatoka wote.

Korongo akafumbua mdomo. Akatazama huku na huku. Halafu akamdonoa mkono, damu ikatoka, na hiyo ndiyo shukrani aliyoipata. Akaondoka akipepesuka kwenye maji ya kina kifupi, akasimama mbali kidogo, akachoma kichwa ndani ya maji, akaibuka na chura, akammeza.

Mama Pasipoti hakurudi nyumbani kuoga. Alikwenda kwenye kikao cha kamati jinsi alivyo, matope hadi kiunoni, miguu peku maana viatu vimebaki ziwani. Watu wakashika pua. Akaenda hadi meza ya mbele, akauweka ule uzi juu ya karatasi za ajenda, una damu na manyoya.

"Jana mliniambia niutoe uzi," akasema. "Nimeutoa. Huo hapo."

Mwenyekiti akauliza, "Na picha?"

"Picha ni ile ile ya jana, na uzi wake mdomoni. Mkiitaka, iwekeni hivyo hivyo barabarani, wageni wamwone huyo ndege na sisi tumwone. Nyingine sina."

Mnataka kujua kama waliiweka? Hawakuiweka. Jamaa wa studio mpya alichukua ndege kwenye mtandao, mwekundu, mzuri sana, ambaye hajawahi kutua kwenye lile ziwa tangu dunia iumbwe. Mpaka leo wageni wanashuka kwenye basi wanauliza yule ndege yuko wapi, na wenyeji wanaangaliana. Na Mama Pasipoti bado anaendelea na lile koti lake jeusi kwenye msumari. Ndege wanamkimbia. Ila korongo mmoja mwenye kovu kuzunguka mdomo anaonekana upande ule wa magharibi, na mama anakwenda kumwona kwa mbali, mikono mitupu.

Sasa tuongee sisi.

Mpiga picha wetu yuko nje. Amepanga kamera mlango wa mbele, kwenye ukuta tuliopaka rangi wiki hii. Kuna aliyejiuliza kwa nini hakuiweka upande wa mashariki, ambako saa hizi ndiko kwenye mwanga? Wote mnajua. Upande wa mashariki kuna maturubai. Pale kando ya darasa la chekechea wanalala ndugu zetu ambao mto ulichukua nyumba zao masika haya. Siyo wageni. Mama Nsajigwa ni wa kwaya hii hii. Yule mzee anayekohoa mnamsikia sasa hivi, hakuja kukohoa hapa kutoka mbali, amelala hapo nje.

Jana jioni kamati ya jubilii ilikuja nyumbani kwangu. Walikuja kwa adabu, tukanywa chai. Wakasema, "Mchungaji, tunaomba yale maturubai yashushwe asubuhi, na nguo zilizoanikwa zitolewe. Ni kwa ajili ya picha tu. Watu wakishapigwa picha, yatarudishwa." Niliwaambia nitawajibu leo. Mzee Tweve, wewe ndiye mwenyekiti wa kamati, nakuheshimu na unajua hivyo, usiinamishe kichwa. Jibu langu ni hapana.

Hayashushwi. Na kamera haigeuzwi upande mwingine.

Lakini ngojeni, maana wengine naona mnaitikia amina haraka mno. Mnadhani nataka tupige picha maturubai yakiwemo, halafu twende tukale pilau, tuseme sisi kanisa la kweli, hatufichi kitu? Yule mama alikwishakuwa na picha yenye uzi! Ilikuwa picha ya kweli kabisa, na ndege alikuwa anakufa. Ndani ya stoo yetu, nyuma ya ukuta huu ninaoupiga, kuna mabati mapya na mbao. Ni ya kibaraza cha jubilii, ili tukitoka ibadani tusinyeshewe hatua chache kabla ya kufika kwenye miavuli yetu. Yamepitishwa na kikao, najua. Nilikuwepo kwenye kikao. Lakini leo niacheni niseme ninayoyaona, na ninaona watoto wanalala kwenye maji na mabati yanalala pakavu.

Bwana wetu alipotoka kaburini angeweza kutoka na mikono laini. Alitoka na alama za misumari, akawaita wenye mashaka waziguse. Na sisi tunaoitwa kwa jina lake tunaona haya kwa nguo zilizoanikwa?

Mtanishitaki dayosisi. Nishitakini. Andikeni kwamba mchungaji amegawa mabati ya kibaraza, na mimi nitatia sahihi chini ili wasipoteze muda wa kuchunguza. Wakinihamisha nitahama, sanduku langu ni moja na mke wangu analijua kulifunga. Lakini kabla sijahama, hapo mashariki kwenye kiwanja cha kanisa kutakuwa na paa, na chini ya paa atalala yule mzee anayekohoa.

Hatutamaliza leo. Tutaanza leo. Ufunguo wa stoo ni huu hapa, ulikuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi. Kina baba, vueni makoti. Kina mama, vitenge vitachafuka, mnisamehe, vitafuliwa. Mpiga picha, ndugu yangu, naona umechungulia mlangoni. Lete kamera yako huku mashariki ungoje. Utatupiga tukiwa juu ya mbao, tumetota jasho, na hao tuliotaka kuwaficha wakiwa katikati yetu, maana na wao watabeba.

Tumekaa vya kutosha, wapendwa. Tumekaa vizuri sana mpaka tumezoeleka kama gogo. Mzee wa kwaya, usitupigie wimbo wa kutokea mlango wa mbele. Leo tunatokea mlango wa stoo.

Simameni.